Programu za simu kwenye laptop: anza na njia nyepesi, emuleta iwe ya mwisho

Ukiuliza namna ya kutumia programu ya simu kwenye laptop, jibu la kwanza utakalopewa huwa ni "pakua emuleta", yaani programu inayoigiza simu nzima ya Android ndani ya kompyuta. Jibu hilo si la uongo, ila linakupeleka moja kwa moja kwenye njia nzito kuliko zote. Laptop nyingi za mtumba zina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Windows 10 au 11 peke yake, hata hujafungua kitu, hukalia GB 2 au zaidi. Kinachobaki hakitoshi kubeba simu ya pili bila mashine kuganda na feni kupiga kelele.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: jaribu tovuti ya programu hiyo kwanza, ikishindikana, leta kioo cha simu yako kwenye laptop, emuleta iwekwe pale tu ambapo hizo mbili hazifai.

Tovuti kwanza

WhatsApp, Telegram, Instagram, Facebook na TikTok zote zina tovuti zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa miaka mingi Instagram haikuruhusu kupandisha picha kutoka kwenye kompyuta, lakini ilifungua mlango huo mwaka 2021. Mafunzo ya zamani yanayokutaka uweke emuleta ili upandishe picha za duka lako hayana kazi tena.

Kwa WhatsApp, fungua web.whatsapp.com kwenye laptop. Kwenye simu ya Android bonyeza vitone vitatu vya juu kulia, ingia “Linked devices”, kisha “Link a device”, uelekeze kamera kwenye msimbo wa QR. Kamera ikiwa mbovu, kwenye tovuti chagua kuingia kwa namba ya simu; utapewa msimbo wa herufi na tarakimu 8 wa kuandika kwenye simu. Namba moja inaunganishwa na vifaa visivyozidi 4 mbali na simu yenyewe. Simu hailazimiki kuwa na intaneti muda wote, ila ikikaa siku 14 bila kutumika, vifaa vyote vilivyounganishwa vinatolewa na itabidi uanze upya. Kama umeingia kwenye kompyuta ya ofisi au ya intaneti kafe, rudi “Linked devices”, gusa jina la kompyuta hiyo, kisha “Log out”. Kufunga kivinjari tu hakutoshi: anayekaa kiti hicho baada yako anaweza kukuta mazungumzo yako yote wazi.

Ukitaka tovuti ikae kama programu, na alama yake pale chini kwenye skrini, Edge ina njia hii: vitone vitatu, “Apps” (matoleo mengine huiweka ndani ya “More tools”), kisha “Install this site as an app”. Kwenye Chrome ni vitone vitatu, “Cast, save and share”, kisha “Install page as app”. Haili nafasi ya maana kwenye diski, na kwa wauzaji wanaojibu wateja siku nzima inatosha kabisa.

Kuna tovuti zinazoonyesha vitufe fulani kwa watumiaji wa simu tu. Kwenye Chrome au Edge bonyeza F12, kisha Ctrl+Shift+M, halafu upakie ukurasa upya kwa F5. Tovuti itadhani ni simu. Vitufe vingi vilivyofichwa hutokea hapo.

SMS za kawaida nazo zinasomeka kwenye laptop kupitia messages.google.com/web, mradi simu yako inatumia Google Messages kwa meseji. Windows pia ina programu yake, Phone Link, inayoleta arifa, meseji na simu zinazoingia. Uwezo wake wa kufungua programu za simu kwenye laptop, hata hivyo, upo kwa baadhi ya simu tu, hasa Samsung za Galaxy. Kama simu yako ni ya aina nyingine, usipoteze muda huko. Nenda sehemu inayofuata.

Kuleta kioo cha simu kwenye laptop kwa scrcpy

Hii ndiyo njia inayostahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana sasa. Programu inaitwa scrcpy. Ilitolewa na kampuni ya Genymobile mwaka 2018, ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti na haiachi chochote kilichosakinishwa kwenye simu. Kazi yote inaendelea kufanywa na simu yako. Laptop inapokea picha na sauti tu, na kurudisha mibofyo yako na herufi unazoandika. Ndiyo maana laptop ya GB 4 inaimudu bila shida. Tena, kwa kuwa picha inapita kwenye waya, haili bando hata kidogo.

Unahitaji simu ya Android 5 au zaidi (sauti inapatikana kuanzia Android 11), laptop, na waya wa USB unaopitisha data. Sisitizo liko kwenye waya huo. Waya nyingi za bei ndogo ni za kuchajia tu: zina nyaya mbili za umeme na hazina za data. Simu itaonyesha inachaji, laptop haitaona kitu, na utahangaika bure ukidhani kosa liko kwenye programu.

1. Kwenye simu, ingia Settings, “About phone”, tafuta “Build number” na uiguse mara 7. Kwenye Samsung iko ndani ya “Software information”. Kwenye Xiaomi unagusa mstari wa toleo la MIUI au HyperOS. Utaambiwa sasa wewe ni msanidi.

2. Rudi Settings, tafuta “Developer options” (simu nyingine huiweka ndani ya “System” au “Additional settings”), uwashe “USB debugging”. Kwenye Xiaomi washa pia “USB debugging (Security settings)”. Ukiiacha hiyo ya pili, utaona kioo cha simu vizuri kwenye laptop lakini kipanya hakitagusa chochote.

3. Kwenye laptop, ingia ukurasa wa Genymobile ulioko GitHub, tovuti ambako wasanidi huweka programu zao, fungua sehemu ya “Releases” ya scrcpy, upakue faili la zip lenye maneno win64. Usichukue kutoka tovuti nyingine yoyote, hata ikiwa na jina la scrcpy kwenye anwani yake. Programu hii inapewa mamlaka makubwa juu ya simu, kwa hiyo chanzo chake lazima kiwe kile cha wenyewe.

4. Bofya kulia faili hilo, chagua “Extract All”. Kuliendesha likiwa bado ndani ya zip hakufanyi kazi.

5. Chomeka simu, kioo kikiwa wazi. Ingia kwenye folda uliyofungua, bofya mara mbili open_a_terminal_here.bat, na kwenye dirisha jeusi andika:

scrcpy

Simu itauliza “Allow USB debugging?”. Weka tiki kwenye “Always allow from this computer” kama laptop ni yako, kisha kubali. Sekunde chache baadaye kioo kitatokea kwenye laptop.

Sasa kipanya ni kidole chako na kibodi ya laptop ndiyo kibodi ya simu. Kubofya kulia ni kurudi nyuma, kubonyeza gurudumu la kipanya ni kwenda mwanzo. Alt ya kushoto pamoja na F inajaza skrini nzima. Alt na O inazima kioo cha simu huku laptop ikiendelea kuonyesha. Simu haipati joto sana na chaji inadumu. Maandishi uliyonakili kwenye laptop yanabandikwa kwenye simu kwa Ctrl+V. Ukiburuta faili la picha au waraka na kuliachia juu ya dirisha, linaingia kwenye folda ya Download ya simu; ukiachia faili la APK, yaani la kusakinishia programu ya Android, linasakinishwa.

Picha ikikwamakwama, laptop au waya umezidiwa. Punguza ukubwa wa picha na mzigo wake:

scrcpy -m 1024 --video-bit-rate=2M --no-audio

Kwa laptop ya zamani mstari huo mmoja huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha kitu kingine chochote. Namba 1024 ni upande mrefu wa picha kwa pikseli. Ukishuka hadi 800 maandishi yanaanza kusomeka kwa taabu.

Ukichoka na waya, chomeka mara moja, hakikisha simu na laptop ziko kwenye Wi-Fi moja, kisha andika:

scrcpy --tcpip

Dirisha likifunguka, chomoa. Hapa pia bando haliguswi, kwa sababu data inazunguka ndani ya ruta yako. Wi-Fi ya GHz 2.4 yenye watu wengi itachelewesha picha, na dawa ya uhakika ni kurudi kwenye waya.

Walimu na wanaotengeneza video za mafunzo wana jambo lao hapa: andika scrcpy --record=somo.mp4 na kila kinachotokea kwenye kioo kinarekodiwa moja kwa moja kwenye laptop, bila chapa ya mtu yeyote juu ya video. Na kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2024, scrcpy inaweza kufungua skrini ya pili isiyo ile ya simu, kwa amri ya --new-display=1920x1080. Programu inakaa kwa upana kwenye laptop huku simu ikiendelea na mambo mengine mkononi. Simu za zamani haziiwezi, na baadhi ya programu hukataa kulala upande, ila ukifanikiwa ndiyo hali inayokaribia zaidi kuwa na programu ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya laptop.

Mambo yanayoharibika ni machache, na karibu yote yanajulikana kwa amri moja. Andika adb devices kwenye dirisha lilelile. Orodha ikiwa tupu, kosa ni waya, tundu la USB, au Windows kukosa draiva ya simu, yaani programu ndogo inayoiwezesha kuitambua simu hiyo. Badilisha waya kwanza, kisha tundu, kisha utafute draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa simu. Ikisema “unauthorized”, hujakubali lile swali kwenye simu: chomoa, ingia “Developer options”, gusa “Revoke USB debugging authorizations”, chomeka upya. Dirisha likiwa jeusi ndani ya programu moja tu, hasa ya benki, hakuna kilichoharibika. Programu hiyo imezuia kioo chake kisipigwe picha wala kuonyeshwa kwingine, na kizuizi hicho ni cha haki.

Menyu za pesa za *150*00# au *334# zinafunguka vizuri, kwa sababu laini iko kwenye simu na simu ndiyo inayopiga. Lakini namba ya siri iandike kwenye simu yenyewe. Kompyuta inaweza kuwa na kirusi kinachorekodi kila unachobonyeza, na wewe usijue.

Ukimaliza kazi, zima “USB debugging”. Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka ikiwa imewashwa, na laptop uliyoipa ruhusa ya kudumu inaweza kusakinisha au kunakili vitu kwenye simu yako bila kuuliza tena.

Emuleta, ikibidi

Ikibidi ni lini? Pale ambapo huna simu ya Android, au simu yako ni dhaifu kuliko laptop, au unataka michezo yenye vitufe vya kibodi, au wewe ni msanidi unayejaribu kazi yako. Hakikisha laptop ina RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka. BlueStacks 5, iliyo maarufu zaidi, inasema GB 4 za RAM na GB 5 za diski ndicho kiwango cha chini. Kwa kiwango hicho itawaka, lakini hutafurahia.

Kabla ya kupakua chochote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda “Performance”, kisha “CPU”, na usome mstari wa “Virtualization” upande wa chini. Ukisema “Enabled”, endelea. Ukisema “Disabled”, hapo ndipo chanzo cha malalamiko mengi ya emuleta kuwa nzito kilipo: prosesa haijaruhusiwa kuendesha mfumo mwingine moja kwa moja, na kazi yote inafanywa kwa njia ndefu.

Kuiwasha lazima uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayotangulia Windows. Shikilia Shift huku ukibofya “Restart”, kisha “Troubleshoot”, “Advanced options”, “UEFI Firmware Settings”. Mashine ikiwa ya zamani haina chaguo hilo. Bonyeza kitufe mfululizo mara tu inapowaka, F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, Acer na Asus, F1 kwa Lenovo ThinkPad. Ndani, tafuta “Virtualization Technology” au “Intel VT-x”. Kwa prosesa za AMD jina ni “SVM Mode”. Mara nyingi iko chini ya “System Configuration”, “Advanced” au “Security”. Weka “Enabled”, hifadhi kwa F10, toka. Usiguse kingine.

Tahadhari moja kabla ya hapo: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba mafaili, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya kubadilisha BIOS. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, uandike ufunguo huo kwenye karatasi kwanza. Bila ufunguo, mafaili yako hayafunguki, na hakuna fundi atakayeyaokoa.

Pakua emuleta kutoka tovuti yake rasmi tu, na ujiandae na bando: kisakinishi chenyewe ni kidogo, lakini kikianza kinashusha mamia ya MB. Chanzo rasmi ni muhimu ingawa chenyewe si kinga kamili. Mwaka 2021 watafiti wa ESET walieleza jinsi wadukuzi walivyopenya mfumo wa masasisho wa NoxPlayer, emuleta nyingine, na kupitisha virusi kwa baadhi ya watumiaji. Kwa sababu hiyo, akaunti ya Google utakayoingiza kwenye Play Store ya emuleta isiwe ile yenye barua pepe na picha zako zote. Fungua nyingine kwa kazi hiyo.

Baada ya kuingia, fungua Settings za BlueStacks, sehemu ya “Performance”. Kwenye laptop ya GB 8 ipe kori 2 za prosesa na RAM ya GB 2. Kwa mchezo mzito ongeza kori hadi 4 kama unazo. Watu huipa emuleta kila kitu wakidhani itakimbia, kumbe Windows ikikosa RAM inaanza kuandika kwenye diski na vyote viwili vinaganda pamoja. Shusha fremu hadi 30 kwa sekunde kwa programu zisizo za mchezo. Kisha ndani ya Play Store zima masasisho ya kujiendesha, “Don't auto-update apps”, la sivyo bando la wiki litaisha usiku mmoja.

Skrini ikibaki nyeusi, nenda “Graphics” ubadilishe kutoka OpenGL kwenda DirectX au kinyume chake, kisha usasishe draiva ya kadi ya picha. Ukiona ujumbe kwamba mipangilio ya Windows haiendani, mara nyingi ni Hyper-V, sehemu ya Windows yenyewe ya kuendesha mifumo mingine. Tafuta “Turn Windows features on or off”, ondoa tiki kwenye Hyper-V, “Virtual Machine Platform” na “Windows Hypervisor Platform”, uwashe mashine upya. Kama unatumia Docker au WSL usifanye hivyo, maana zinategemea vitu hivyohivyo.

Yapo ambayo emuleta haitaweza hata uipange vipi. Haina laini, kwa hiyo menyu za USSD (kama ile ya *150*00#) na programu za pesa zinazothibitisha laini iliyomo ndani ya simu hazifanyi kazi. Programu nyingi za benki hutambua kwamba si simu halisi na kujifunga. Nayo WhatsApp ukiisajili kwenye emuleta kwa namba yako, simu yako inatolewa papo hapo, kwa sababu namba huwa na kifaa kikuu kimoja. Tumia tovuti yake.

Usifuate tena mafunzo yanayofundisha kuweka programu za Android ndani ya Windows 11 kupitia Amazon Appstore. Microsoft ilisitisha huduma hiyo tarehe 5 Machi 2025.

Laptop zisizo za Windows

Chromebook nyingi zina Play Store tayari: Settings, “Apps”, “Google Play Store”, “Turn on”. Mac zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, huendesha programu za iPhone na iPad kutoka App Store pale msanidi aliporuhusu. Mwenye iPhone yenye iOS 18 na Mac yenye macOS Sequoia ana “iPhone Mirroring”, inayofanya kazi iliyo sawa na ya scrcpy, isipokuwa nchi za Umoja wa Ulaya. Mwenye iPhone na laptop ya Windows anaweza kuangalia kioo tu. Hakuna emuleta ya kweli ya iPhone kwa Windows, na tovuti inayodai kuwa nayo ikimbie.

Kwa Linux ipo Waydroid, nyepesi kuliko emuleta za Windows kwa kuwa haiigizi mashine nzima. Inahitaji kikao cha Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, na programu zilizotengenezwa kwa prosesa za ARM (aina inayotumika kwenye simu) pekee hazifunguki ndani yake bila kuongezewa kitafsiri.

Kuondoa emuleta

Ukiisakinua BlueStacks kwa njia ya kawaida, angalia kama folda ya C:\ProgramData\BlueStacks_nxt imebaki. Humo ndimo simu ya bandia ilimokaa, na inaweza kushikilia GB kadhaa. ProgramData imefichwa, andika anwani hiyo yote kwenye upau wa juu wa dirisha la mafaili, ifunguke, kisha uifute. Halafu ingia kwenye akaunti ya Google uliyoitumia, sehemu ya “Your devices”, ukitoe kifaa hicho.